Mtoi wa Hoki ya Barafu na Drafti ya NHL: Hivi Ndivyo Maskauti Humpima Fowadi

Ukisikia hoki pengine unafikiria ile ya nyasi mlicheza shule, ama ile rinki ya barafu ya Panari pale Mombasa Road ambapo Ice Lions wetu walianzia. Sasa cheki Kanada. Huko kuna wasee wazima kazi yao ni kukaa kwa baridi na kijitabu, wakimwangalia chali wa miaka 17 na kuamua kama ataomoka ama atarudi kwao. Mara nyingi wanapatia. Saa zingine wanaangukia pua vibaya sana.

Kwanza shika rada. Kila mwaka timu 32 za NHL hukaa chini na kuchagua vijana kwa zamu, raundi 7, jumla vijana 224. Mtoi hachagui timu, timu ndiyo inamchagua. Lazima awe ametimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 ya mwaka huo. Hiyo tarehe si ya kupuuza. Aliyezaliwa Septemba 14 anaingia drafti akiwa bado 17, na wa Septemba 16 anangoja mwaka mzima, anacheza msimu mwingine, anaongeza misuli. Siku mbili tu zimewatenganisha, lakini kwa karatasi mmoja anakaa mnoma kuliko mwenzake. Skauti mzuri huangalia siku ya kuzaliwa kabla hajaangalia magoli.

Na kuhusu magoli, hapo ndipo wengi hudanganyika. Kwa hoki goli ni pointi moja, asisti pia ni pointi moja, na goli moja linaweza kuwa na asisti mbili. Hiyo asisti ya pili inaweza kuwa ni chali alipeana paki (ile disiki nyeusi ya raba) akiwa mbali huko nyuma, wengine wakamaliza kazi. Halafu kuna pointi za wakati mpinzani ametolewa mtu nje kwa faulo, mkiwa watano dhidi ya wanne. Hapo hata wewe nafasi ingekuonekania. Kwa hivyo ukiambiwa mtoi ana pointi 90, uliza: ngapi alipata wakiwa watano kwa watano? Alikuwa anacheza kando ya nani?

Mfano wangu wa kila siku ni Brayden Point, mzaliwa wa Calgary, Machi 1996. Msimu wa 2013-14 alikuwa na Moose Jaw Warriors kwa WHL, moja ya zile ligi tatu kubwa za vijana Kanada. Mechi 72, magoli 36, asisti 55, pointi 91. Na timu yenyewe ilikuwa mbovu, playoffs hawakuziona. Yaani hakuna staa alikuwa anambeba, yeye ndiye alikuwa anabeba wengine. Sasa mbona drafti ya 2014 ikafika namba 79, raundi ya tatu, ndiyo jina lake likaitwa? Mwili. Hakuwa amefika futi 6, alikuwa mwembamba, na wengi waliona mwendo wake kwa skeiti haujaiva.

Hapa ndipo kazi ya skauti huwa ngumu, manze. Kila mtoi ana shida. Swali ni hiyo shida inarekebishika? Mwendo wa skeiti unafundishika: unapiga goti vizuri, unasukuma mguu mpaka mwisho. Tampa Bay Lightning walikuwa wanafanya kazi na Barb Underhill, bingwa wa dunia wa 1984 wa kuskeiti kwa jozi, na Point akapitia kwa mikono yake. Lakini akili ya mchezo, kujua paki itatua wapi kabla haijatua, hiyo ukimkosa nayo akiwa 17 ni ngumu kumpea. Tampa walimtaka hadi wakalipa Minnesota nafasi ya raundi ya saba ili waruke kutoka namba 80 hadi 79. Nafasi moja! Alifunga magoli 14 kwa playoffs za 2020, mengine 14 za 2021, na Tampa wakabeba Stanley Cup miaka yote miwili. Msimu wa 2022-23 akaweka 51.

Sasa geuza. Nail Yakupov, Sarnia Sting, magoli 49 kwa msimu wake wa kwanza wa OHL. Edmonton wakamchukua namba 1 mwaka wa 2012. Aliishia na magoli 62 kwa mechi 350 za NHL, na tangu 2018 hajarudi. Shuti alikuwa nayo, hakuna mtu anakataa.

Kuna pia kambi ya vipimo kabla ya drafti: baiskeli ya kukumaliza pumzi, kuruka, mahojiano. Barafu haimo hata kidogo, na mimi hiyo huwa inanichekesha. Mwaka wa 2014 Sam Bennett alishindwa kujivuta kwa chuma hata mara moja, mitandao ikamla. Calgary wakamchukua namba 4 tu. Mwaka wa 2025 akiwa Florida alitajwa mchezaji bora wa playoffs.

Kwa hivyo ukipata mechi ya vijana kwa YouTube, wacha kufuata paki. Mfuate mtoi mmoja dakika nzima. Anageuza kichwa kuangalia nyuma ya bega kabla ya kupokea? Anaingia mbele ya goli penye anachapwa fimbo za mgongo, ama anazunguka pembeni? Wakipoteza paki, anarudi mbio ama anaslow kama mtu wa kungoja mathree? Highlights hazitakuonyesha hizo vitu, tafuta mechi nzima.