Trafiki barabarani: Namna ya kusimamisha magari bila kugongwa

Askari wa usalama barabarani anayesimama katikati ya Barabara ya Morogoro, eneo la Maili Moja mjini Kibaha, hana ukuta wala kizuizi cha kumkinga. Anachotegemea ni sare yake nyeupe, filimbi, mikono miwili na matumaini kwamba dereva wa basi linalotoka Dar es Salaam amemwona na amemwelewa.

Matumaini hayo yana hesabu yake. Gari linalokwenda mwendo wa kilomita 80 kwa saa hupita takriban mita 22 katika kila sekunde moja. Dereva aliye makini huhitaji sekunde moja hadi moja na nusu kutambua ishara na kuhamishia mguu kwenye breki, na katika muda huo gari limekwisha kula mita zipatazo 30 bila kupunguza mwendo hata kidogo.

Ukijumlisha na umbali wa breki zenyewe, gari dogo lenye matairi mazuri, kwenye lami kavu, husimama baada ya mita zinazokaribia 70. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa umbali huo hushuka hadi mita kama 35, yaani nusu yake. Mvua ikinyesha, au gari likiwa lori lenye shehena ya kwenda Zambia au Kongo, hesabu huzidi kuwa mbaya.

Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inamtaka dereva asimame anapoamriwa na askari aliyevaa sare. Sheria hiyo pia imeweka ukomo wa kilomita 50 kwa saa katika maeneo ya makazi, na kilomita 80 kwa mabasi na malori nje ya maeneo hayo. Aidha, pale ambapo askari anaongoza magari, amri yake ndiyo inayofuatwa hata kama taa zinaonyesha vinginevyo. Lakini sheria haisimamishi gari. Kinachosimamisha gari ni dereva aliyeona mapema, na ndiyo maana kazi ya kwanza ya askari ni kuchagua mahali pa kusimama.

Mahali pazuri ni pale anapoonekana kutoka mbali, si juu ya kona, si nyuma ya lori lililoegeshwa, na si ndani ya njia ambayo magari bado yanakwenda kasi. Askari mzoefu huanzia pembeni, akatoa ishara, akahakikisha gari la kwanza limeanza kupunguza mwendo, ndipo akaingia barabarani. Hata hapo huacha upenyo wa kurukia iwapo breki zitagoma. Asiye mzoefu hufanya kinyume: huingia kwanza, kisha hunyoosha mkono.

Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 kuhusu usafiri wa barabarani umezieleza ishara hizo kwa lugha nyepesi. Mkono ulioinuliwa wima maana yake ni tahadhari na simama kwa wote, isipokuwa dereva aliyekwisha kukaribia mno kiasi cha kutoweza kusimama salama. Aliyekwisha kuingia ndani ya makutano naye hatakiwi kusimama humo, bali amalize kupita. Mikono iliyonyooshwa kwa mlalo huwazuia wanaotaka kukatiza mwelekeo wa mikono hiyo. Usiku, taa nyekundu inayopungwa humsimamisha yule inayomwelekea.

Tatizo katika barabara zetu si wingi wa ishara hizo, bali ni ishara zisizokamilika. Kiganja kinachopungwa chini chini, kichwa kinachotikiswa au filimbi moja ndefu inayosikiwa na pande zote nne huwaacha madereva wawili wakiamini kila mmoja kwamba yeye ndiye aliyeruhusiwa. Ishara inapaswa kumlenga dereva mmoja, kwa mkono mzima, na askari amtazame usoni hadi aone amekubali. Bodaboda wanahitaji kuangaliwa peke yao, kwani mara nyingi hupenya katikati ya magari yaliyokwisha kusimama na kutokea mbele ya askari bila taarifa.

Kibaha ina shida nyingine ambayo mgeni huenda asiitambue. Barabara inayotoka Dar es Salaam kwenda huko huelekea magharibi. Jioni, dereva anayerejea nyumbani Kibaha au anayekwenda Mlandizi na Chalinze hupigwa na jua machoni, na asubuhi anayekwenda Dar es Salaam hukutana nalo vilevile. Sare nyeupe mbele ya mwanga mkali hufifia na kuwa kivuli tu. Katika saa hizo kizibao kinachoakisi mwanga hakitoshi. Askari hulazimika kusogea mahali ambapo nyuma yake pana miti au majengo, ili umbo lake lijitenge.

Giza nalo limeongezewa uzito. Kwa miaka mingi mabasi ya mikoani hayakuruhusiwa kusafiri usiku kucha, lakini katazo hilo liliondolewa mwaka 2023. Mabasi yanayotoka kituo cha Magufuli pale Mbezi Luis, kilichofunguliwa mwaka 2021, sasa huipita Kibaha hata saa ambazo zamani zilikuwa za malori peke yake. Askari wa usiku asiye na kizibao chenye kuakisi, tochi yenye mwanga mwekundu na koni zilizopangwa mbali mbele yake, anasimama mahali pa hatari kuliko mwenzake wa mchana.

Kisarawe ni habari nyingine kabisa. Barabara ya kutoka Gongo la Mboto hupita Pugu, ikapanda vilima vyenye msitu kabla ya kuingia mjini. Hapa kasi ni ndogo kuliko Kibaha, lakini macho hayafiki mbali: kuna kona, miteremko, kivuli cha miti na pikipiki zilizobeba magunia ya mkaa kupita upana wa dereva wake. Askari mmoja hawezi kuyaongoza magari ya pande mbili za kona ambayo yeye mwenyewe haioni. Panahitajika wawili, kila mmoja upande wake, wakiwasiliana kwa redio au kwa ishara waliyokubaliana kabla, na upande mmoja usifunguliwe hadi gari la mwisho la upande wa pili limepita na kutambuliwa.

Utaratibu huo hutumika pia baada ya ajali. Madereva wa Tanzania wana desturi ya kutandaza matawi ya miti barabarani kuonya kwamba mbele kuna gari lililoharibika. Ni desturi nzuri, ila mara nyingi matawi hayo huwekwa hatua chache tu kutoka kwenye gari lenyewe, na pengine huachwa hapo siku nzima baada ya gari kuondolewa. Onyo la maana huanzia mbali kuliko umbali wa kusimama, na kwenye mlima au kona huanzia kabla ya kona yenyewe.

Iwapo lililoanguka ni lori la mafuta, kazi ya kwanza si magari tena bali ni watu. Agosti 10, 2019, lori la mafuta lilipinduka Msamvu mjini Morogoro, watu wakakusanyika kuchota petroli, moto ukalipuka na zaidi ya watu 100 wakapoteza maisha. Malori ya aina hiyo hupita Kibaha kila siku yakitokea Dar es Salaam.

Lipo pia suala la askari wanaojificha vichakani na tochi ya kupimia mwendo, kisha wakachomoka ghafla kumsimamisha dereva. Huenda njia hiyo ikamnasa mkosaji, lakini inavunja kila kanuni iliyotajwa hapo juu. Dereva aliyeshtuliwa hukanyaga breki ovyo au hukwepa, na nyuma yake kuna wengine.

Mtihani mgumu zaidi kwa askari wa Kibaha ni gari la wagonjwa linalowahi Hospitali ya Tumbi. King'ora kikisikika madereva huhamaki, huyu akavuta kulia, yule kushoto. Askari husimamisha pande zote kwanza, ndipo akafungua njia moja. Gari la wagonjwa likishapita haruhusu wengine papo hapo, bali husubiri sekunde chache mkono ukiwa juu, kwa kuwa nyuma ya king'ora mara nyingi hufuata gari dogo au bodaboda aliyedandia nafasi hiyo.