Uyoga wa Magogo: Zamani Bahati, Leo Kazi

Wengi wetu tumelelewa tukiamini kuwa uyoga hupandwa na Mungu peke yake. Mvua hunyesha, uyoga huchomoza kwenye vichuguu, akina mama huchukua vikapu. Na mwaka usipoota, basi. Kwa hiyo yafaa, katika kijitabu hiki cha miaka 10 ya Chama chetu Kikuu, tueleze habari za watu waliokataa kungoja hivyo, wakaupanda uyoga katika magogo kama sisi tupandavyo mihogo.

Watu hao walikuwa wakulima wa milimani huko Uchina, katika wilaya za Longquan, Qingyuan na Jingning. Wenyewe husimulia kwamba mwanzilishi alikuwa Wu Sangong, wa zamani za wafalme wa Song, naye wamemjengea hekalu. Lililo hakika ni kwamba mwaka 1313 mwandishi Wang Zhen aliieleza kazi hiyo katika kitabu chake cha kilimo. Mti uliangushwa, ukachanjwa kwa shoka, ukafunikwa, ukanyweshwa maji yaliyooshewa mchele. Baada ya mwaka na zaidi magogo yalipigwa kwa nyundo ya mti ili kuuamsha uyoga. Msomaji asicheke: hata leo wakulima huyagonga magogo, au huyalowesha katika maji baridi, na baada ya siku chache uyoga hutokeza.

Walakini elimu ile ilifungwa. Baba alimrithisha mwana, na wakulima hao walikuwa na lugha yao ya siri wasiyoifahamu wageni. Mashamba yao ya milimani yalikuwa haba, nasi hatuwezi kuwalaumu sana. Lakini elimu iliyofichwa haikui.

Huko Japani, katika mkoa wa Ōita, wakulima waliyachanja magogo ya mwaloni wakayaacha msituni, wakitumaini upepo ulete mbegu, maana mbegu ya uyoga ni vumbi jepesi mno. Ukileta, mtu alipata fedha. Usipoleta, alibaki na deni, na wako waliofilisika kabisa. Jambo hilo lilimsikitisha kijana msomi, Bwana Kisaku Mori, aliyezaliwa mwaka 1908. Katika miaka ya 1940 alifaulu kuuotesha uyoga safi katika vipande vidogo vya mti, ambavyo mkulima aliweza kuvigongomea katika matundu ya gogo. Tangu hapo mkulima hakuutegemea upepo tena. Mimi nikiwa katibu, ambaye kila msimu huandika madeni ya watu daftarini, naihesabu kazi ya bwana huyo kuwa kubwa kuliko ya majemadari wengi.

Njia yake ndiyo itumikayo hata nyuma ya nyumba. Gogo la mti mgumu wenye afya, lenye urefu wa karibu meta 1, hukatwa bila kubanduliwa gome. Hutobolewa kwa keekee, likapandikizwa mbegu, na matundu yakazibwa kwa nta. Huwekwa kivulini pasipo jua kali, wala halikaushwi. Nyuzi nyeupe hulila polepole kwa miezi 6 hadi 18, kisha gogo huzaa kwa miaka kadhaa. Ila uyoga mwingine wa mwituni nao huweza kuingia katika gogo lilo hilo. Usiofanana na uliopandwa hauchumwi.