Oili ya Injini ya Turbo: Nzito Siyo Lazima Iwe Imara

Kwetu Ozi gari la dizeli halina mapumziko. Mchana limebeba maembe au mpunga kwenda Kipini, Witu hadi Minjila na Garsen. Usiku huohuo huenda likahitajika kukimbiza mgonjwa. Turbo ikifa njiani, ni balaa la kijiji kizima.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli inayosikika sana gerejini: jua letu ni kali, kwa hiyo tia 20W-50 au ile ya 40 peke yake. Ndugu msomaji, soma kopo vizuri. Kwenye 15W-40, nambari yenye W hueleza tabia ya oili ikiwa baridi. Ile 40 ni uzito wake ikifika nyuzi 100 za joto, na huko ndiko injini ifanyako kazi, iwe Garsen au Limuru. Jua la nje halibadilishi sana jambo hilo.

Shafti ya turbo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, nayo huelea juu ya utando mwembamba wa oili. Oili hiyohiyo ndiyo inayoipoza. Ikiwa nzito kupita kiasi, huchelewa kufika unapowasha alfajiri. Ikiwa nyepesi kupita kiasi, utando hukatika gari likivuta mzigo kwenye matope.

Kitabu cha gari ndicho hakimu. Kisipopatikana, kwa pikapu na lori nyingi za zamani zenye turbo mimi huchagua 15W-40. Lakini nambari pekee haitoshi! Tafuta alama ya API CI-4 au CK-4. Herufi C ni ya dizeli, S ni ya petroli. Kopo lenye CF tupu ni la kiwango cha 1994 kilichokwisha kupitwa. Bei yake nafuu isikuvute. Magari mapya yenye chujio la masizi kwenye ekzosi ni habari nyingine: mengi hutaka 5W-30 yenye majivu machache, na ukitia yoyote tu, chujio huziba.

Baada ya safari ndefu, liache lingurume dakika moja au mbili kabla ya kuzima, oili isije ikaungua ndani ya turbo.

Na msimu wa mafuriko ya Tana, ukishavuka maji chomoa kijiti cha kupimia. Oili ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, usiwashe. Mwaga, badilisha na filta yake.