Radi na Redio Mwambao wa Nyasa

Tarehe 13 Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilitokea mbele ya Liuli, katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Nyasa, iliyomegwa kutoka Mbinga. Wajerumani walipaita Sphinxhafen kwa ajili ya ule mwamba wa Pomonda. Kapteni Rhoades akafyatua mzinga mdogo kuelekea meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kapteni Berndt akarukia mashua na kumfuata Rhoades, rafiki yake wa kunywa naye, kumuuliza kama amelewa. Akajibiwa kwamba nchi zao zinapigana na yeye ni mateka. Vita ilikuwa na siku tisa.

Vitabuni kisa hiki husimuliwa kwa kicheko. Mimi ninaandika tasnifu ya uzamili kuhusu mawasiliano ya vita ile, na kwangu hiki ni kisa cha waya. Telegrafu ya Cecil Rhodes ilifika Blantyre tangu 1895. Upande wa pili wa ziwa, Berndt alipata habari kutoka kwenye mdomo wa mzinga.

Dar es Salaam kulikuwa na kituo cha redio, lakini tarehe 8 Agosti manowari Astraea ilikishambulia. Mwishoni mwa mwezi huohuo Wajerumani wakabomoa wenyewe kituo chao kikubwa cha Kamina, Togo, kisitwaliwe na adui. Ilibaki sauti ya Nauen, karibu na Berlin, ikituma alama za Morse kwa mawimbi marefu.

Mawimbi marefu hufika mbali sana. Tatizo ni radi, ambayo nayo hunguruma katika masafa hayohayo ya chini, na tropiki ndiko nyumbani kwake. Dawa yake ni kutuma polepole na kurudia. Wapenzi wa redio ya ridhaa, kwenye kilohezi 136 hivi, wameifikisha dawa hiyo mbali: nukta moja huweza kuchukua sekunde tatu, au hata dakika nzima. Sikio halina kazi hapo. Kompyuta huchunguza ukanda mwembamba mno wa masafa, kelele nyingi zikabaki nje, kisha huchora nukta na vistari kwenye kioo.

Nililijaribu jambo hili na rafiki yangu mwenye kipokezi. Mbinga mjini kioo kilijaa michirizi: chaja za simu, balbu za LED, inveta ya duka la jirani. Tulishuka hadi ziwani, tukangoja umeme ukatike (hatukungoja sana). Michirizi ikafutika, zikabaki radi za upande wa Malawi, zikichapa kioo kutoka juu hadi chini. Hakuna herufi hata moja iliyojitokeza. Baada ya usiku ule niliwaelewa zaidi waliokuwa wakisikiliza na vidude vya miaka ile.

Ujumbe mmoja ulipenya. Tarehe 21 Novemba 1917 ndege-puto L59 iliondoka Jamboli, Bulgaria, na takriban tani 15 za silaha, risasi na dawa kwa jeshi la Lettow-Vorbeck. Isingerudi: kitambaa chake kingeshonwa mahema na nguo. Usiku wa kuamkia tarehe 23, ikiwa tayari imeingia Sudan, ikanasa amri ya kugeuka, kwa kuwa Waingereza walikuwa wameishika sehemu kubwa ya nyanda za Makonde. Wapo wanaosema amri ile ilighushiwa na Waingereza. Siamini, hadithi hiyo ni tamu kupita kiasi. L59 ilitua Jamboli tarehe 25, baada ya saa 95 na karibu kilomita 6,800 angani.

Siku hiyohiyo Lettow-Vorbeck alivuka Mto Ruvuma pale Ngomano, kuingia Msumbiji. Nyuma ya askari walikuja wapagazi, mizigo kichwani, wengine wagonjwa. Dawa walizokuwa wakizihitaji zilikuwa zinapakuliwa Bulgaria.