Lubumbashi: nyumba ya bei ya chini na njia ndefu ya kwenda kazini

LUBUMBASHI – Familia inayofika hapa leo ikikimbia vita, iwe inatoka Kivu, Tanganyika au upande wa Mitwaba, huanza na swali moja: nyumba ni pesa ngapi kwa mwezi? Swali la pili wengi hulikumbuka wakiwa wamekwisha lipa garanti: kutoka hapo mpaka mahali basi linapopita, ni mbali kiasi gani?

Komisionere ana jibu la swali la kwanza. Jibu la swali la pili liko katika historia ya mji wenyewe. Umbali kati ya nyumba ya mtu wa kipato kidogo na mahali anapotafuta riziki haukujileta hapa Lubumbashi. Ulipimwa, ukachorwa kwenye karatasi, na mchoro huo wa zamani ungali unamgharimu mpangaji wa leo.

Reli ilifika kwanza

Mwaka 1910, wakati Émile Wangermée alipokuwa mkuu wa Wabelgiji katika Katanga, mji ulianzishwa kwa jina la Elisabethville. Mwaka huohuo reli iliyotoka Rhodesia ikapita Sakania na kufika hapa. Kampuni ya Union Minière, iliyoundwa mwaka 1906, ilianza kuyeyusha shaba kando ya mto Lubumbashi mwaka 1911. Bomba refu la moshi na mlima mweusi wa mabaki ya shaba, ambavyo mgeni huviona kabla ya kitu kingine chochote, vimetoka katika kazi hiyo.

Wafanyakazi waliletwa kutoka Lomami, Kasai na Rhodesia, na baadaye Rwanda na Burundi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, na Kiswahili kikawa lugha ya kuelewana kazini na nje ya kazi. Lakini watu hao wangelala wapi?

Aliyeajiriwa na Union Minière au na reli alilala katika kambi ya mwajiri wake. Wengine wote, mafundi cherehani, waashi, wapishi, wachuuzi, walihitaji mtaa wao. Mtaa wa kwanza wa Waafrika ulikuwa jirani na mji wa wazungu. Mnamo mwaka 1921 serikali ya kikoloni iliwahamishia mbali zaidi, upande wa kusini, katika mtaa uliopewa jina la mfalme Albert. Ndio Kamalondo ya leo.

Katikati ya mitaa hiyo miwili likaachwa eneo tupu la mamia ya meta. Wakoloni walieleza kwamba lilikuwa la kuzuia malaria na magonjwa mengine yasiwafikie wazungu. Kazi yake nyingine ilionekana kila asubuhi: mtu wa Kamalondo alilivuka kwa miguu kwenda kazini, na jioni alilivuka tena. Usiku Mwafrika hakuruhusiwa kutembea katika mji wa wazungu bila karatasi ya ruhusa.

Wapishi na watumishi wa nyumbani walikuwa na njia yao. Baadhi yao walilala katika chumba kidogo nyuma ya nyumba ya bwana wao, kilichoitwa boyeri. Mwaka 1965 chama cha watumishi wa zamani kilitoa historia ya mji kwa Kiswahili cha hapa, iliyokusanywa na André Yav. Ni moja ya maandishi machache yanayoueleza mji huu kwa macho ya watu walioingia katika nyumba hizo kupitia mlango wa nyuma. Vyumba vya nyuma ya nyumba kubwa havijaisha. Leo vinaitwa aneksi, na mpangaji anayepata kimoja karibu na katikati ya mji hujiona mwenye bahati, hata kama hakina nafasi ya kugeuka.

Nyumba ya kazi

Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, Union Minière iliona kwamba kuleta wafanyakazi wapya kila mara kunagharimu sana. Ikaanza kuwapokea pamoja na wake na watoto wao, ikajenga nyumba imara katika kambi, ikaongeza posho, shule na hospitali. Katika kambi hapakuwa na kodi ya kulipa wala safari ndefu, kwa kuwa kazi ilikuwa karibu.

Lakini nyumba ile haikuwa ya mfanyakazi; ilikuwa ya kazi yake. Aliyefukuzwa kazi alitakiwa kuiacha. Wazee wengi walijifunza hapo somo ambalo baadhi ya familia zilizokimbia vita wanalijua kwa njia nyingine: paa juu ya kichwa chako linaweza kuwa chini ya amri ya mtu mwingine.

Kenya, Katuba, Ruashi

Kamalondo ilijaa. Mwishoni mwa miaka ya 1920 ukafunguliwa mtaa wa Kenya, nao ukajaa. Mwenye parseli aliongeza chumba uani na kukipangisha kwa mgeni aliyeshuka kwenye treni. Hivyo ndivyo kupanga chumba kulivyoingia katika maisha ya mji: mgeni alipata mahali, mwenyeji akapata pesa ya kumalizia ukuta.

Baada ya vita vikuu vya pili watu waliongezeka kuliko nyumba. Ofisa mmoja wa utawala, Ferdinand Grévisse, alisimamia mpango wa kuwakopesha wakaaji vifaa vya ujenzi ili wajijengee wenyewe. Katuba ilikua kwa njia hiyo kuanzia mwaka 1950 hivi. Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda Ofisi ya Mitaa ya Waafrika, OCA, ijenge nyumba katika miji mikubwa ya Kongo, na katika miaka hiyo ya 1950 Ruashi nayo ikasimama.

Nyumba za Katuba na Ruashi zilikuwa bora kuliko chumba cha uani cha Kenya. Zilikuwa na hewa, na familia iliweza kuwa na kiwanja chake. Lakini kila mtaa mpya uliwekwa mbali zaidi na kazi kuliko uliotangulia. Aliyekuwa akitembea kutoka Kamalondo sasa alihitaji baiskeli au gari. Kodi ilishuka, safari ikapanda. Uchaguzi wa kwanza wa komine ulipofanyika mwaka 1957, mitaa hiyo ilikuwa tayari miji kamili, yenye masoko, makanisa, baa na timu za mpira.

Siku nyumba ilipopotea

Historia ya nyumba hapa ina kurasa za machozi pia. Mwaka 1961, wakati Katanga ilikuwa imejitenga na Kongo, Waluba walitishwa na kushikwa katika mitaa yao. Watu zaidi ya 30,000 waliacha nyumba zao wakakimbilia ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa pembeni ya mji. Kambi yao ilivunjwa mwaka 1962, wengi wakirudishwa makwao kwa treni.

Mwaka 1992 na 1993, familia nyingi zenye asili ya Kasai zilifukuzwa Likasi na Kolwezi. Ziliishi wiki na miezi kwenye vituo vya treni, zikingoja gari la kuzipeleka mahali ambapo baadhi ya watoto wao hawakuwahi kupaona. Kwa watu hao kukaa karibu na usafiri hakukuwa suala la kuokoa nauli. Kulikuwa njia ya mwisho ya kuokoa maisha.

Kisha ikaja shida ya Gécamines, iliyokuwa imechukua nafasi ya Union Minière. Mwaka 2003, katika mpango uliosaidiwa na Benki ya Dunia, wafanyakazi 10,655 waliondoka kazini kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Nyumba nyingi zilizokuwa zikitegemea mshahara mmoja ziligeuza chumba cha watoto kuwa cha wapangaji.

Mji wa leo

Madini yaliporudi na kampuni mpya katika miaka ya 2000, bei za nyumba zilipanda na mji ukaenea ndani ya komine ya Annexe, inayozizunguka nyingine sita kama mkanda. Kasungami, Luwowoshi na kartie nyingine za pembeni zilipokea waliokosa nafasi ndani. Familia zilizokimbia vita huishia huko, kwa sababu huko ndiko pesa yao inakotosha.

Ila hesabu ya kodi peke yake inadanganya. Mfano wa hesabu tu: nyumba ya pembeni ina unafuu wa franka 60,000 kwa mwezi kuliko ile iliyo karibu na barabara kubwa. Baba na mama wote wanakwenda mjini siku 26 kwa mwezi, na kila mmoja anatumia franka 2,000 kwa siku kwa sababu ya kubadili basi na kumalizia kwa pikipiki. Hiyo ni franka 104,000. Nyumba ya bei ya chini imekuwa ghali kwa franka 44,000, na saa za barabarani hazijahesabiwa. Lakini kama mama anauzia sokoni jirani na baba anapata kibarua hapohapo, nyumba ileile ya pembeni inakuwa chaguo zuri. Kila familia ifanye hesabu yake.

Wenyeji wa zamani wanajua mambo mengine ambayo mgeni hufundishwa na mvua. Njia ya nyumba itembelewe kwa miguu kabla ya kulipa, asubuhi mapema na tena baada ya giza. Kati ya Novemba na Machi magari hayafiki kila mahali yanapofika wakati wa ukavu, kwa hiyo jirani aulizwe basi hugeukia wapi matope yakizidi. Nyumba iliyo kando ya njia kubwa, kama ile ya Kipushi, Likasi, Kasenga au Kasumbalesa, haimwachi mtu ovyo kama ile iliyo ndani sana.

Kuhusu garanti, sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za makazi inaweka kikomo cha miezi mitatu. Wenye nyumba wengi huomba zaidi, na mgeni aliyechoka hukubali. Aliye na shida na alipe akijua haki yake, adai karatasi yenye saini, kiasi na tarehe, na amwone mkubwa wa avenyu kabla ya kuhamia. Karatasi hiyo ndiyo inayozungumza siku mwenye nyumba anapobadilisha maneno.

Eneo tupu la mwaka 1921 limejengwa zamani, na hakuna anayeulizwa tena karatasi ya kulivuka. Hata hivyo, saa kumi na moja alfajiri, mwanga ukiwa bado haujatoka, watu wa Katuba, Ruashi na Kasungami wamekwisha simama kando ya barabara wakingoja basi la mjini. Mgeni anayetafuta nyumba angefanya vema kwenda kusimama nao asubuhi moja, kabla ya kufungua mkoba wa garanti.