Heru Juu

Heru Juu ni mahali palipo kwenye vilima karibu na mji wa Kasulu, mkoani Kigoma, palipokuwa makao ya Mwami (mtawala) wa Heru, mojawapo ya tawala za kale za Waha pamoja na Muhambwe (Kibondo) na Buyungu. 

Buha, nchi ya Waha, ilipakana na chemchemi za chumvi za Uvinza, ambako maji ya chumvi yalichemshwa vyunguni tangu karne ya 5 hivi. Misafara ya kwenda Ujiji iliyokatiza Buha ililipa hongo, yaani ada ya kupita, kwa doti, kila doti mikono 8 ya kitambaa. Novemba 1871 msafiri Henry Morton Stanley alidaiwa hongo hiyo mara kwa mara, mwishowe akawatorosha watu wake usiku, kimyakimya. Wasafiri waliita hongo unyang'anyi. Kwa haki, ilikuwa ushuru wa wenye nchi.

Serikali ya Tanganyika ilifuta utawala wa machifu, ukiwemo wa Mwami wa Heru, mwaka 1963.