Uwanja wa Ndege wa Bukoba: Lango la Kagera lililo ukingoni mwa ziwa

UWANJA wa Ndege wa Bukoba ni miongoni mwa viwanja vidogo nchini Tanzania, lakini uzito wake kwa wakazi wa Mkoa wa Kagera haupimwi kwa ukubwa wa jengo wala kwa wingi wa ndege zinazotua. Ni lango linaloifanya safari ya zaidi ya siku nzima kuwa ya saa chache. Ni lango pia ambalo upande wake mmoja hauna nchi kavu, bali maji ya Ziwa Victoria.

Kuwa kwake baina ya mji na maji ndiko kunakoeleza karibu kila jambo linalouhusu uwanja huo: aina ya ndege zinazoutumia, usumbufu wa hali ya hewa, na somo chungu la Novemba 6, 2022.

Uwanja huo, unaotambulika katika tiketi kwa herufi BKB, upo ndani ya Manispaa ya Bukoba, jirani na ufukwe na si mbali na uwanja wa soka wa Kaitaba. Upande wa magharibi mji umepakana na miinuko, na upande wa mashariki ndiko liliko ziwa na Kisiwa cha Musira. Njia ya kurukia na kutua ndege ina urefu wa takribani kilomita moja na nusu, ilhali ile ya Mwanza inazidi kilomita tatu.

Kwa sababu hiyo, ndege kubwa za jeti hazitui Bukoba. Zinazotua ni ndege za mapangaboi, mathalani ATR za Precision Air na Bombardier Q400 za Air Tanzania, ambazo hazihitaji njia ndefu. Kwa miaka mingi, ndege ndogo za abiria wachache nazo zimekuwa zikiunganisha mji huo na Mwanza.

Umuhimu wa huduma hiyo unaonekana mtu anapotazama ramani. Kutoka Dar es Salaam hadi Bukoba ni takribani kilomita 1,000 kwa njia ya anga, lakini kwa barabara ni zaidi ya kilomita 1,400. Mgonjwa aliyepewa rufaa ya kwenda Muhimbili, mfanyabiashara wa kahawa au samaki, mtumishi wa umma na mwanafunzi wa chuo kikuu, wote wanaujua uzito wa tofauti hiyo.

Uwanja huo hauhudumii wakazi wa mjini peke yao. Wakazi wa Wilaya ya Muleba, iliyo kusini mwa Bukoba, hupita Kemondo kwa barabara ya lami kwenda kupanda ndege Bukoba. Mwezi Desemba, Wahaya waishio mbali wanaporejea nyumbani kwa sikukuu, nafasi katika ndege huwa adimu. Wakati wa kurudi, mizigo mingi hubeba harufu ya senene waliokaangwa.

Kabla ya ndege kuzoeleka, tegemeo la watu hao lilikuwa meli. Bukoba, iliyoanza kama kituo cha utawala wa Wajerumani mwaka 1890, ilikua ikiwa mji wa bandari, na safari ya usiku kucha kwenda Mwanza ilikuwa sehemu ya maisha ya mkoa. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama karibu na Mwanza na kuua mamia ya watu. Hadi leo ni vigumu kukuta ukoo mkubwa wa Kagera usioguswa na msiba ule.

Njia nyingine nazo zimeendelea kuboreshwa. Meli ya MV Victoria ilikarabatiwa na kurejea majini mwaka 2020. Juni 2025 lilifunguliwa Daraja la J.P. Magufuli kati ya Kigongo na Busisi, ambalo limewaondolea wasafiri wa barabara adha ya kusubiri kivuko. Hata hivyo, kwa safari ya Dar es Salaam hakuna njia iliyoweza kushindana na ndege kwa muda.

Kwa miaka mingi ndege zilitua Bukoba juu ya changarawe. Baadaye njia hiyo iliwekwa lami na jengo jipya la abiria likajengwa, katika mpango wa kuboresha viwanja vya mikoani uliopata mkopo wa Benki ya Dunia. Uwanja ulizinduliwa rasmi na Rais John Magufuli Novemba 2017.

Lami, hata hivyo, haibadilishi hali ya hewa. Bukoba ni miongoni mwa miji yenye mvua nyingi zaidi nchini, kwa wastani wa takribani milimita 2,000 kwa mwaka. Usiku, hewa iliyopoa kutoka nchi kavu huteremka kuelekea ziwani na kuisukuma juu hewa yenye unyevu, ndipo mawingu ya radi hujengeka. Upepo wa mashariki huyasukuma mawingu hayo hadi pwani ya magharibi, ambako Bukoba ipo. Ndiyo maana mvua kubwa za mji huo hunyesha mara nyingi alfajiri na asubuhi.

Ndege iliyoondoka Dar es Salaam alfajiri inaweza, kwa hiyo, kuwasili wakati dhoruba ingali juu ya ziwa. Rubani huzunguka angani akisubiri, au hugeuza kwenda Mwanza.

Ndivyo hali ilivyokuwa asubuhi ya Jumapili, Novemba 6, 2022. Ndege ya Precision Air aina ya ATR 42-500, safari namba 494 kutoka Dar es Salaam, ilianguka ziwani katika mvua kubwa ikiwa inakaribia kutua, mita chache tu kutoka uwanjani. Kati ya watu 43 waliokuwamo, 19 walipoteza maisha, wakiwamo marubani wote wawili, 24 walinusurika.

Waliofika kwanza walikuwa wavuvi wenye mitumbwi. Sehemu ya mbele ya ndege ilikuwa imezama na mkia ukiwa juu ya maji, na wengi walionusurika walitokea nyuma. Baadaye wananchi na waokoaji waliivuta ndege kwa kamba kuelekea ufukweni. Kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, alisifiwa kitaifa, na Rais Samia Suluhu Hassan akaagiza aajiriwe katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Siku iliyofuata, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliongoza shughuli ya kuaga miili katika Uwanja wa Kaitaba.

Ujasiri wa wavuvi uliacha swali ambalo sifa pekee haziwezi kulijibu. Viwango vya Shirika la Usafiri wa Anga la Kimataifa (ICAO), katika Kiambatisho cha 14 cha Mkataba wa Chicago wa 1944, vinataka kiwanja kilicho jirani na maji, ambacho ndege hupita juu ya maji hayo zikitua au kuruka, kiwe na huduma maalumu za uokoaji majini. Gari la zimamoto lililo kando ya lami haliwezi kuogelea. Kinachohitajika ni boti yenye mafuta na wahudumu walio tayari, wapigambizi wenye mitungi ya hewa, na mazoezi ya mara kwa mara.

Kwa Bukoba, mazoezi hayo hayana budi kuwahusisha wavuvi, kwa kuwa wao ndio wenye mitumbwi na ndio walio karibu kila saa.

Kwa miaka mingi pia limetajwa wazo la kujenga uwanja mkubwa zaidi katika eneo la Omukajunguti, wilayani Missenyi, mahali penye nafasi ya njia ndefu. Lakini mradi wa namna hiyo huchukua miaka, na abiria husafiri kila wiki. Maadamu ndege zinaendelea kushuka juu ya maji kuelekea Bukoba, usalama wa uwanja huo hauishii pale lami inapokoma. Unaendelea hadi ndani ya ziwa.